Kutu Huuma Kama Makali

Kindu, tarehe 11 Machi 1979

Yaya Tshimanga,

Kaka yangu, hili ninalokuandikia sijamwambia mtu yeyote, wala Mama, wala padri: Baba haoni tena. Sisemi ni kipofu kabisa. Anaona mlango, anaona mtu aliyesimama mbele yake, anajua kumekucha. Lakini jino halioni. Na kila siku ya kazi watu wanakaa kwenye kile kiti cha dispensari na kumfungulia kinywa.

Unaijua mashine yetu ya mguu ya kuchimbia meno. Ulipokuwa hapa Baba aliikanyaga mwenyewe, mguu mmoja chini, mwingine kwenye pedali, huku mkono wake unachimba. Sasa anainama kutafuta tundu hata paji lake linagusana na paji la mgonjwa, na mtu aliyeinama hivyo hawezi kukanyaga. Kwa hiyo tangu mvua za kwanza nikitoka shuleni napitia dispensari, ninakanyaga mimi. Watu amewaambia goti linamsumbua. Goti lake ni zima. Jumapili anapanda ngazi za kanisa kunishinda.

Ningeweza kunyamaza kama ingekuwa macho peke yake, maana vidole vyake bado vinajua kazi. Lakini kuna fraise, vile vichwa vya chuma vinavyochimba jino. Tangu yule daktari wa meno arudi kwao na nafasi yake ikose mtu, hatujaletewa mpya hata moja. Baba anaendelea na desturi yake ileile: fraise haitupwi, inashushwa cheo. Ikiwa kali inakaa kwenye kopo la Meno. Ikipungua inahamia kopo la Resini, kusawazisha meno ya bandia. Ikizeeka kabisa inakwenda kopo la Plasta, kukwangulia jasi, na hapo inakufa. Anayeamua ni ukucha wa Baba. Anaupitisha juu ya kichwa cha fraise, pale penye vijimeno. Ikikwaruza anasema "bado inauma," anairudisha kwenye Meno.

Mwezi uliopita alikuja Mama Geneviève, yule anayeuza chumvi na vitenge kule Alunguli, ng'ambo ya mto. Alivuka na mtumbwi asubuhi, shavu limefungwa kwa kitambaa. Nilikanyaga mpaka paja likatetemeka, na jino halikulika. Halafu nikasikia harufu, kama kwato ya mbuzi iliyogusa moto. Mama Geneviève alimshika Baba mkono akasema, "Papa Banza, unanitoboa ao unanichoma?" Baba akacheka kidogo akamwambia, "Vumilia mama, tunafika." Alipoondoka nilienda kuosha vyombo, nikaiangalia ile fraise kwenye mwanga wa dirisha. Vijimeno vyake vilikuwa vimelika vikawa mviringo kama changarawe ya mtoni, na ilikuwa ya rangi ya kahawia. Baba akaichukua mkononi mwangu, akapitisha ukucha. "Bado inauma," akasema.

Jino la Mama Geneviève limekufa. Uso ulimvimba hata jicho likafumba. Nilikutana naye sokoni nikamsalimia, akageuka kupanga chumvi yake.

Yaya, wewe unafanya kazi hiihii huko, na Baba anakusikiliza. Mimi hata darasani mwalimu akiniuliza kitu ananiambia niseme na darasa, nisiseme na daftari. Nifanye nini? Jibu kwa mkono wa Papa Anaclet wa treni, umwambie anipe mimi mwenyewe. Barua zako Baba anapenda zisomwe mbele ya wageni.

Mudogo wako,
Ndaya


Lubumbashi, tarehe 25 Machi 1979

Ndaya, mudogo wangu,

Papa Anaclet amenikuta kazini, nikasoma barua yako nimesimama. Nakushukuru kwa kuwa na uchungu na Baba. Sasa nisikilize.

Hujui ukucha ule ni nini. Nilipokuwa na umri kama wako, Baba alinifunga macho kwa kitambaa, akanipa fraise moja baada ya nyingine nizipange kwa ukucha tu. Nikikosea ananirudisha mwanzo. Alisema jicho hudanganywa na mng'aro, ukucha haudanganywi. Hapa Lubumbashi nimefanya kazi na watu waliosoma Kinshasa na hata Ulaya, na mpaka leo nikitaka kujua fraise imekwisha natumia ukucha wa Baba.

Zipo alama nyingine, nakuandikia ili nawe uzijue. Fraise kali inatoa vumbi lenye chembe, kama unga wa muhogo usiopepetwa. Ikichoka inatoa vumbi laini linaloganda. Fraise kali inaimba sauti moja, ikichoka inanung'unika. Harufu ya kuungua umeisikia mwenyewe. Na kubwa kuliko zote ni mkono: fraise kali inajiendea, wewe unaiongoza tu. Ukishaanza kusukuma, umekwisha kuchelewa, ilifaa uibadilishe kwa mgonjwa wa jana. Maneno hayo ni ya Baba. Mtu aliyenifundisha hayo atasahau?

Meno mengine hufa hata kwa fundi bora. Mama Geneviève alikaa nalo muda gani kabla ya kuvuka? Watu wetu huja jino likiwa limeoza hadi mzizi, kisha wanamlaumu aliyeligusa.

Kuhusu macho: Baba anazeeka, atahitaji miwani. Usilifanye jambo la miwani kuwa msiba. Wewe unasoma sana, Ndaya, na mtu anayesoma sana huona hadithi hata pasipo na hadithi. Endelea kumsaidia na pedali, na umheshimu.

Kaka yako,
Tshimanga


Kindu, tarehe 4 Aprili 1979

Mwanangu Tshimanga,

Salamu nyingi kutoka kwa baba yako. Hapa tuko wazima. Mama yako angali kijijini Tunda kwa mavuno ya karanga, naye alituma neno kwamba bibi yako mgonjwa anapata nafuu. Ndaya anasoma vizuri, lakini sauti yake bado ni ya panya.

Neno la kwanza. Mwananchi Musafiri, mkubwa wa Chama katika mtaa wetu, amekuja kwangu. Jino lake la mbele, la pili kutoka katikati, lina tundu upande wa nyuma, na pembe yake imemeguka. Akiongea hewa inapita hapo na kupiga filimbi. Tarehe ishirini mwezi wa tano ni sikukuu ya Chama, na ni yeye atakayesimama kwenye kipaza sauti kuongoza nyimbo mbele ya watu wote wa Kindu. Juzi akifanya mazoezi na vijana, filimbi ikatoka katikati ya wimbo, mmoja akacheka. Kijana huyo alipelekwa kufyeka majani ya uwanja mzima peke yake. Mwananchi Musafiri ameniambia, "Papa Banza, nakuaminia. Lakini tarehe ishirini sitaki kusikia filimbi." Nimemwambia hatasikia.

Neno la pili. Nitumie fraise chache za chuma, za mviringo, namba unazozijua. Sina shida nazo, nazitaka kwa akiba tu. Zilizopo bado zinauma.

Ndaya ndiye anayeandika kwa sababu mkono wangu umechoka kalamu. Macho yangu ni mazima, namshukuru Mungu. Nimemwambia Ndaya anisomee barua hii kuanzia juu, amesoma, na maneno ni yangu yote.

Baba yako,
Banza


Lubumbashi, tarehe 17 Aprili 1979

Ndaya,

Nimeweka barua mbili mezani. Mwandiko ni mmoja. Ya kwanza inasema Baba haoni. Ya pili inasema macho yake ni mazima, namshukuru Mungu. "Namshukuru" umeiandika vizuri kuliko maneno mengine yote, bila kufuta.

Basi nimwamini nani, Ndaya wa mwezi wa tatu ao Ndaya wa mwezi wa ine? Kama Baba haoni, uliwezaje kuandika hivyo na mkono usitetemeke? Na kama anaona, uliniandikia yale mengine kwa sababu gani? Nimelala vibaya kwa ajili yako. Nilifikiri labda umechoka kukanyaga na unataka ruhusa ya kuacha. Kama ni hivyo sema tu, nitamwomba Baba atafute mtoto wa jirani. Huna haja ya kumtia baba yako upofu.

Fraise nitazitafuta. Mzee Nzanzu, mwenye karakana yetu ya meno, anazihesabu kama mbegu za kupanda, lakini nitamwomba.

Jino la mtu wa Chama si jino la kuchezea. Baba akilifanya vizuri, nyumba yetu itakuwa na mtu wa kuisemea. Akilifanya vibaya, unajua neno watakalotumia: hujuma. Kwa hiyo usiende kusambaza maneno kwamba fundi haoni.

Tshimanga


Kindu, tarehe 28 Aprili 1979

Yaya Tshimanga,

Nitakueleza ilivyokuwa, halafu uamue ni Ndaya yupi.

Baba alikuwa amekaa kitandani, mimi mezani na taa. Akasema, "Andika: macho yangu ni mazima, namshukuru Mungu." Nilishika kalamu nikamwangalia. Alikuwa ameelekeza uso kwenye taa, si kwangu. Nilingoja afikiri aseme lingine. Akasema, "Umeandika?" Nikasema naandika. Akasema, "Soma." Kwa hiyo niliandika ili nipate cha kumsomea. Ningeweza kuandika kingine na kusoma kile alichosema, hilo nililifikiri, lakini kumfanyia hivyo mtu asiyeona karatasi ni wizi. Nilichagua kukudanganya wewe kwa maneno yake kuliko kumdanganya yeye kwa maneno yangu. Mkono haukutetemeka kwa sababu niliandika polepole sana.

Sasa nimegundua kitu, na hiki si cha vitabuni.

Spiriti ya kusafishia vyombo ilikwisha zamani. Tunachemsha kwa maji. Zamani Baba alizitoa fraise mara moja, akazikausha moja moja kwa kitambaa, akazipaka mafuta kidogo. Sasa anaimwaga sufuria kwenye kisahani, anapapasa, anafikiri amezitoa zote, na haoni zile zilizobaki ndani ya maji. Zinalala humo. Asubuhi zina kutu. Kutu ile ni chembechembe ndogo, Yaya. Ukipitisha ukucha, inakwaruza.

Ukucha wa Baba haujasahau. Kutu huuma kama makali. Zamani jicho lilimwambia "hii ni ya kahawia, ishushe," kabla ukucha haujaulizwa. Sasa ukucha umebaki peke yake, na kadiri fraise inavyooza ndivyo inavyomwambia bado ni kali. Zile safi kidogo zilizobaki ameziona laini, amezishusha kwenye Resini. Kopo la Meno limejaa maiti.

Usiniamini mimi. Chukua fraise iliyokufa, iache ndani ya maji, halafu funga macho kama alivyokufunga, ujaribu.

Nilijaribu kuyarekebisha bila kusema. Jumamosi wakati wa salongo, watu wote wakiwa barabarani wakifagia, niliingia nikahamisha zenye kutu kwenye Plasta na zile safi kwenye Meno. Jumatatu Baba alitia vidole kwenye makopo. Akauliza, "Ndaya, nani amechezea makopo yangu?" Nikasema sijui. Huo ni uongo wangu, ule mwingine ulikuwa wake. Akazirudisha zote, moja moja, kwa ukucha, akinung'unika, "Wanaweka mbovu kwa Meno, nitaua mutu."

Mwananchi Musafiri alikuja jana kupimwa. Alikaa kitini na abakosi yake imefungwa vifungo mpaka shingoni, akaniangalia mguu kwenye pedali. "Huyu njo dereva?" akauliza. Baba akasema, "Njo mutoto yangu wa mwisho." "Haongei?" "Anaongea na vitabu." Wakacheka wote wawili. Kazi yenyewe ni tarehe kumi na sita Mei.

Nataka kumwambia Daktari mkuu wa dispensari. Kila jioni napita mbele ya mlango wake, na kila jioni naupita. Najua nyumba tunayokaa ni ya kazi. Baba akisimamishwa tutatoka. Najua Baba atajua ni nani aliyesema, maana hakuna mwingine anayejua. Lakini nikinyamaza nitakanyaga pedali tarehe kumi na sita, na chochote kitakachotokea ndani ya kinywa kile kitakuwa kimetoka mguuni kwangu.

Niseme? Nijibu neno moja tu, mapema.

Ndaya


Lubumbashi, tarehe 7 Mei 1979

Ndaya wangu,

Nisamehe.

Nilifanya kama ulivyosema. Niliziacha fraise tatu zilizokufa ndani ya kikombe cha maji, siku zikapita, nikazichanganya na mpya nne. Nikamwomba mzee Nzanzu anifunge macho na kitambaa. Vijana wote wa karakana wakaja kutazama. Nilipitisha ukucha, nikachagua iliyo kali kuliko zote, nikainua mkono. Mzee Nzanzu akasema, "Fundi wa Kindu, hiyo uliyochagua hata ndizi mbivu itaishinda." Walicheka mpaka saa ya chakula. Mimi sikuweza kula.

Mzee Nzanzu hakucheka kwa muda mrefu. Aliniuliza kwa nini nimejaribu jambo hilo, nikamwambia ni la baba yangu. Akafungua sanduku lake akanipa fraise sita, mpya, zingali ndani ya karatasi yake ya mafuta. Papa Anaclet amezishona kwenye upindo wa koti lake, na anaondoka leo usiku. Treni isipokwama njiani zitafika kabla ya tarehe kumi na sita.

Sasa neno ulilotaka: hapana. Usiseme.

Fikiri pamoja nami. Kosa ni fraise, na fraise zinakuja. Mpe Baba hizi, mwambie ni zile za akiba alizoomba. Zile za kutu zitupe mtoni Lualaba, nitasema ni mimi niliyekuagiza. Baba atafanya jino la mtu wa Chama na chombo kizuri, sikukuu itapita, na mwezi wa saba nitaomba likizo, nije, niongee naye kuhusu macho kama mtoto wake wa kiume. Ukimwambia Daktari sasa, Mama atarudi kutoka Tunda akute vyombo vyetu uani. Na huyo Musafiri, akijua kwamba ameketishwa mbele ya mtu asiyeona wiki ya sikukuu, hatasema "mzee amechoka." Atasema, "Walitaka kunikata ulimi."

Ni siku chache tu. Nyamaza, kanyaga, nisubiri.

Kaka yako anayekupenda,
Tshimanga


Kindu, tarehe 22 Mei 1979

Yaya Tshimanga,

Baba hajafungwa. Nakuambia hilo kwanza kwa sababu Papa Anaclet amesema kwenye treni habari inasemwa vibaya, nayo itakufikia. Yuko nyumbani, amelala chumba cha nyuma. Daktari amechukua ufunguo wa chumba cha meno. Amesema ataandika barua kwa hospitali ya Kisangani ili macho yaangaliwe, labda yanaweza kupasuliwa, labda hapana. Kuhusu nyumba amesema tukae mpaka nimalize mwaka wa shule, baadaye haijulikani. Mwananchi Musafiri aliongoza nyimbo juzi na jino lake lilelile. Filimbi ilitoka kwenye kipaza sauti ikasikika mpaka bandarini. Hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa mstari wa mbele wa wanafunzi, na hakuniangalia.

Fraise zako zilifika tarehe kumi na tano, jioni. Papa Anaclet alizifumua kwenye koti mbele yangu. Nilimpa Baba kama ulivyosema. Alizishika, akapitisha ukucha, uso wake ukafunguka kwa namna ambayo sijaiona tangu mvua za kwanza. Alizipitisha zote, akarudia. "Sikia hii, Ndaya. Hii njo fraise." Hakuuliza kwa nini zile nyingine hazikumfurahisha hivyo. Alitaka kujaribu palepale kwenye kipande cha resini. Nilikanyaga. Baba akasukuma kama anavyosukuma siku zote, kwa bega lote, na fraise ikapita resini ikatokea upande wa pili mpaka kwenye mbao ya meza. Alicheka. Mimi nilimwambia, "Baba, kesho usisukume." Akasema, "Unanifundisha?" lakini bila hasira.

Usiku ule nilifikiri juu ya barua yako. Uliandika kosa ni fraise. Nilitaka sana iwe hivyo.

Tarehe kumi na sita Mwananchi Musafiri alikuja mapema, na kijana mmoja aliyebaki mlangoni. Baba alimfunga kitambaa shingoni, akamwinamisha kichwa. Alitia kidole akapapasa meno ya mbele, moja, mawili, akasimama kwenye lile bovu. Alilijua. Niliiona pembe iliyomeguka, kidole chake kilikuwa juu yake kabisa. Nikapumua. Halafu alitoa kidole ili ashike kioo kidogo cha kusukumia mdomo, akachukua mkono wa mashine, akarudi ndani. Akarudi kwenye jino la jirani. Zima, jeupe, halina hata doa.

Fraise mpya ilikaa juu ya jino hilo ikinisubiri mimi. Yaya, zile za kutu zingelipapasa tu, zingenung'unika, mtu angelalamika, Baba angetafuta upya. Hii ingeingia kabla yeyote hajasema neno.

"Kanyaga," Baba akasema.

Mguu wangu ulikuwa juu ya pedali. Sikukanyaga.

"Ndaya. Kanyaga."

Niliondoa mguu nikauweka chini.

"Mguu umelala? Kanyaga, mama." Aliniita mama kwa upole, kama anavyofanya mbele ya watu asipotaka kunikaripia.

"Hapana, Baba. Hilo jino ni zima."

Sijui nilisema kwa sauti gani, lakini Mwananchi Musafiri alisikia. Alishika mkono wa Baba akautoa kinywani mwake, akaketi wima. "Munasema nini? Jino gani njo zima?" Filimbi ilitoka kwenye kila neno. Kijana wa mlangoni akaingia.

Nilifikiri Baba atasema nimekosea. Angeweza. Angesema mtoto anaota na vitabu vyake, wangemwamini, na ningelazimika kuchagua kati ya kunyamaza na kumwita baba yangu mwongo mbele ya mkubwa wa Chama. Hakusema hivyo. Alitafuta meza kwa mkono wa kushoto, akaweka mkono wa mashine juu yake taratibu ili fraise isiguse kitu. Akafuta mikono.

"Mwananchi," akasema, "huyu mutoto njo anaona. Mimi sioni."

"Huoni namna gani?"

"Naona wewe ni mutu. Sioni wewe ni nani."

Mwananchi Musafiri alijipapasa meno ya mbele kwa ulimi. Kisha akauliza, "Mutu haone, na anaingiza chuma mu kinywa yangu, siku ine mbele ya sikukuu. Nani alikutuma?"

"Hakuna mutu alinituma. Nilikuwa na haya."

"Daktari anajua?"

"Hajui."

"Basi atajua leo." Akasimama akatoka na kitambaa chetu bado kiko shingoni juu ya abakosi, na kijana wake alimfuata bila kuthubutu kumwambia.

Baba alikaa kwenye kile kiti, mahali pa mgonjwa. Sikupata kumwona amekaa hapo. Akaniuliza ni jino gani alilokuwa amelishika, nikamwambia. Akauliza kama kwa Mama Geneviève pia niliona, nikasema ndiyo. Akauliza juu ya makopo. Nikamwambia juu ya kutu, yote, na juu ya barua nilizokuandikia. Alinyoosha mkono, nikampa fraise moja ya kutu ya kopo la Meno, maana sikuwahi kuzitupa, akaipitisha ukucha, muda mrefu, kisha akaitia ulimini. Akatema. "Ni kutu," akasema.

Kilichofuata ni hiki. Nilijua Mwananchi Musafiri atapita kwanza ofisini kwake, kwa sababu mkubwa haendi kwa Daktari na kitambaa shingoni, na kitambaa hicho angekiona mwenyewe akifika barabarani. Nilifunga chumba. Nilimshika Baba mkono, akauvuta, nikaushika tena, akauacha. Daktari alikuwa bado kwake nyumbani, kwa hiyo tulipita njia kubwa, mbele ya kituo cha treni, watu wanaomjua wakiangalia namna ninavyomwongoza kwenye mashimo ya barabara. Papa Anaclet alikuwa hapo akipakua mizigo, alituona, akavua kofia. Tulifika kwa Daktari kabla ya mtu mwingine yeyote. Baba alipapasa ukuta akitafuta mlango. Nikabisha mimi. Daktari alifungua akiwa na kikombe mkononi, akamwangalia Baba, akangoja aongee. Nilianza mimi. Nilimwambia baba yangu haoni, nimejua tangu mvua za kwanza, na nimemleta ili asikilizwe yeye kabla ya wengine.

Mudogo wako,
Ndaya